Maji Machanga

Ostrava, 4 Februari 1979

Kaka Radovan,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Otakar, na za mama niliyemwona Jumapili. Mama anaendelea vizuri, ila magoti yanamsumbua na mabata bukini wake wawili wamekufa kwa baridi. Bado anaamini kiwanda kimekupeleka milimani kupumzika, na kila nikienda ananiuliza kiwanda gani hicho kinachompa fundi wa kuchomelea likizo ndefu namna hii. Nami namjibu kwamba ulichomelea mno. Otakar mgongo wake ni uleule. Sisi wengine wazima.

Nimekaa na kalamu hii tangu nitoke kazini, kwa hiyo niseme tu. Samaki wako wa kwenye tangi wamekufa, wote. Unaikumbuka baridi ya mwaka mpya, jinsi mvua ya mchana ilivyogeuka barafu kabla hakujakucha. Umeme ulikatika mtaa mzima. Kipasha maji kikazimika, pampu ya hewa ikazimika. Nilipofika kwako nilikuta wale wadogo wanaong'aa, neoni, wanaelea kama vijiti vya kiberiti, na wale wawili bapa uliowapenda wamelala chini kwenye changarawe. Nilitaka kuwazika nyuma ya jengo lakini ardhi ilikuwa jiwe, nikawafunga kwenye gazeti.

Nisamehe kwamba nimechelewa kukuandikia. Sikujua nianzie wapi.

Wifi Zdenka anakusalimu. Ana kazi nyingi dukani.

Dada yako,
Milada


Hospitali ya mapafu, 15 Februari

Mdogo wangu Milada,

Nashukuru kwa barua na kwa soksi. Huku theluji imefika madirishani. Jirani yangu wa kitanda, Pospíchal, ni mhunzi kutoka upande wa Moravia. Anakoroma kama lori na kunila kwenye karata kila siku. Chakula si kibaya, madonge ya unga tunapata mara mbili kwa wiki, ila mchuzi wake ungemliza mama.

Kuhusu samaki. Niliisoma barua yako, nikatoka barazani tunakolazwa na mablanketi kuvuta hewa baridi, nikakaa huko mpaka kengele ya chakula. Baridi haina wa kulaumiwa. Nilitaka kukuuliza kama konokono nao walikufa, na maji yalikuwa na harufu gani, maana maji ya siku mbili na maji ya wiki nyingi hayanuki sawa. Lakini basi, usinijibu. Haina haja.

Nisikilize badala yake. Nataka nikirudi nikute samaki. Toa changarawe yote uichemshe katika ile sufuria kubwa ya mama ya soseji. Vioo visugue kwa chumvi, sabuni isikaribie kabisa. Jaza maji, washa kipasha na pampu. Halafu mtafute mzee Hanzlík, Jumapili asubuhi hukaa na wafuga samaki wenzake katika ukumbi wa watu wa reli, meza ya mwisho. Mwambie umetumwa na mimi, akupe mimea. Kisha subiri. Usitie samaki hata mmoja mpaka Hanzlík aseme. Maji ya bomba ni ya kunywa, si ya kuishi ndani yake. Lazima yakomae kwanza.

Zdenka asihangaike na kazi hii, dukani panamtosha. Msalimie.

Kaka yako,
Radovan


Ostrava, 8 Machi

Kaka,

Salamu za Siku ya Wanawake. Kazini kila mmoja wetu amepewa ua moja jekundu, na wanaume wamekunywa kwa afya yetu mpaka wakashindwa kurudi kwenye mashine. Otakar amenipikia viazi kwa heshima ya siku, vimeungua, nimevila.

Kazi yako nimeianza na tayari nimeiharibu. Nilichemsha changarawe, nyumba ikanuka kama bwawa. Nilisugua vioo kwa chumvi mpaka vidole vikapasuka. Kisha nikaliacha tangi likauke vizuri, wiki nzima, nikidhani usafi ndio huo. Jana nimelijaza. Maji yakaanza kutoka kwenye pembe, kwanza kama jasho, baadaye kama bomba bovu. Nikiwa chini na matambara, Bi Halfarová wa ghorofa ya tatu akagonga.

"Milada," akasema, "jikoni kwangu mvua inanyesha."

"Ni tangi la kaka, Bi Halfarová. Nalitoa maji sasa hivi."

"Tangi? Mimi nilidhani huku juu hakuna mtu. Tangu siku ya Wafu, mwanzo wa Novemba, sijasikia hatua ya kiatu."

"Zdenka huvaa soksi ndani."

Akanitazama, akaitazama meza isiyo na hata kikombe, akasema, "Soksi nzuri hizo."

Nakuandikia haya kwa sababu najua mwanamke huyo huwa anakutumia kadi, na hawezi kutuma kadi tupu. Zdenka kweli hutoka mapema na kurudi amechoka. Niambie nifanye nini na hiyo pembe.

Milada


Hospitali, 20 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kunitazama. Wiki nzima umelikausha. Tangi la fremu ya chuma limezibwa kwa puti, na puti ikikauka hupasuka kama midomo ya mwenye homa. Kwangua pembe yote, nunua puti ya vioo, ipake kwa kidole gumba na uikandamize. Jaza maji polepole, nusu leo na nusu keshokutwa. Uzito wa maji wenyewe utakisukuma kioo kikae. Msipoteze muda kulihamisha, litawavunja viuno, na kiuno cha Otakar tunakijua.

Maji yakishakaa, kila siku mbili tupia chembe za chakula cha samaki, kidogo kabisa. Ndiyo, katika maji matupu. Usiniulize, muulize Hanzlík.

Bi Halfarová ni mzee. Masikio yake si ya kutegemewa.

Pospíchal ameondoka Jumanne iliyopita. Kitanda chake wamekitandika. Sasa silali vizuri kwa sababu ya ukimya. Daktari anaridhika nami, nimeongezeka uzito kidogo. Mama msimwambie chochote.

Msalimie Zdenka. Mwambie asijichoshe.

Radovan


Ostrava, 24 Aprili

Kaka Radovan,

Pasaka imepita. Otakar alinichapa fito zake za desturi ya Jumatatu ya Pasaka kwa upole mwaka huu, kwa sababu kuinama kunamuuma. Mama amekuwekea mayai mekundu manane na keki ya jibini, na amenilazimisha nivile mbele yake kwa niaba yako. Amezeeka tangu Krismasi. Aliniuliza kama huko milimani wana kanisa.

Tangi limeziba. Hanzlík alinipa mimea na kipande cha mzizi mweusi, hakutaka shukrani, aliuliza tu, "Radovan anakohoa bado?" Maji yalikuwa meupe kama togwa kwa siku kadhaa, nikadhani nimeharibu tena, kisha asubuhi moja nikayakuta yametulia, naona mpaka ukuta wa nyuma. Nimeyalisha kama ulivyosema. Otakar anawaambia watu kwamba mkewe anapika kwa ajili ya mizimu.

Sasa yale mengine.

Jumamosi nilikuwa na mkono ndani ya maji hadi kwapani, narudishia mmea ulioelea, mlango ukafunguka. Zdenka. Alikuwa na begi tupu.

"Wifi," akasema.

"Zdenka."

"Nimefuata nguo za kiangazi."

"Ziko ulipoziacha."

Hakwenda chumbani. Alisimama mbele ya tangi na koti lake mwilini.

"Unafuga nini humo?"

"Maji."

"Matupu?"

"Hanzlík anasema bado machanga."

Akakaa kwenye kiti chako. "Wale wa kwanza niliwaua mimi," akasema. "Siku niliyoondoka nilizima swichi kuu, nikafunga bomba na gesi, kama mtu anavyofunga nyumba. Kwetu tulifundishwa hivyo. Nilikuja kuwakumbuka nikiwa kwenye treni, karibu kufika Opava kwa mama. Nikajiambia nitarudi kesho."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

Kaka, matusi nilikuwa nimeyapanga tangu Desemba, siku nilipoingia humu nikakuta giza na ile harufu. Nilikuwa nayo hapa ulimini. Lakini alikuwa amekonda, na begi lake alilikumbatia kama mtoto, nikayameza.

"Mimi nilimwambia ni umeme wa mwaka mpya," nikasema.

"Naye akakubali?"

"Kila barua anakusalimu."

Akacheka kicheko kibaya. "Milada, yeye ndiye aliyenifukuza. Hajakwambia? Oktoba daktari alituita sote wawili. Dawa zimeshindwa kuliziba lile tundu la pafu, inabidi wakate sehemu. Radovan akasema hakatwi. Nililia, nilimbembeleza, nilipiga magoti pale kwenye korido mbele ya wagonjwa. Akaniambia kama nina hamu ya kuwa mjane nikaanze mazoezi mbali na macho yake. Basi nikaenda kuanza."

Alichukua magauni mawili, akaondoka. Sikumzuia. Hata chai sikumpa, na hilo najuta.

Kwa hiyo mimi nimekuwa nakudanganya tangu Februari, na wewe umekuwa unanidanganya tangu Oktoba. Daktari anaridhika. Umeongezeka uzito. Mimi nasugua kioo kwa chumvi ili wewe ukirudi ukute samaki, kumbe hata nia ya kurudi huna.

Jana Hanzlík alikuja. Alitia kidole, akanusa, akasema, "Sasa yamekomaa. Leta samaki." Nami nakwambia hivi: maji yako tayari, taa inawaka, pampu inavuta. Lakini sitatia hata samaki mmoja mpaka uniandikie kwa mkono wako kwamba umekubali kupasuliwa.

Milada


Ostrava, 20 Mei

Kaka,

Sijui kama barua yangu ilifika. Mama hajambo. Miti ya cheri imechanua na kupukutika na wewe hujaandika hata kadi.

Jumapili nilikwenda ukumbini, nikasimama mbele ya meza ya Hanzlík, nikarudi mikono mitupu.

Nilipiga simu hospitalini kutoka posta. Msichana akasema upo, unakula, unakaa barazani. Basi upo.

M.


Hospitali, 29 Mei

Milada,

Usinifanyie biashara. Mimi si mtoto wa kuonyeshwa pipi, na pafu langu si la kubadilishana na samaki. Kama umechoka kubeba ndoo, zima swichi na wewe, funga bomba, nenda.

Nimeisoma aya hiyo ya juu mara kadhaa. Nilitaka kuichana, lakini nitaiacha, kwa kuwa unataka ukweli, na huo nao ni wangu.

Pospíchal hakwenda nyumbani. Asubuhi ile ya Jumanne walimpeleka kukatwa. Alitoka kwa miguu yake, na ndara zake za manyoya, akaniambia, "Usiziguse karata zangu, nimezihesabu." Mchana muuguzi akarudi na ndara. Kuna wengine waliokatwa mwaka huu wakapona, wanapita hapa bustanini wamenenepa, ninawaona, huna haja ya kunitajia. Lakini ndara ndizo nilizoziona kwa karibu. Tangu hapo daktari akiingia mimi hujifanya nimelala. Mwanaume wa miaka arobaini na minne, aliyesimama kwenye mihimili ya daraja bila kamba, anafumba macho kama mtoto anayekwepa shule.

Kuhusu Zdenka. Nilijua hayupo. Nilijua kabla yako, maana nilimwona akitoka getini hapa hospitalini bila kugeuka. Na kila nilipoandika msalimie Zdenka, nilijua naandika upepo. Ila katika barua zako alikuwa bado dukani, ana kazi nyingi, anarudi amechoka, anatembea na soksi sebuleni kwangu. Nilipenda kusoma hivyo. Nilikuwa nikizisoma sehemu hizo mara mbili.

Yale maneno ya ujane niliyasema. Ni kweli.

Sina zaidi.

Radovan


Ostrava, 17 Juni

Kaka yangu,

Salamu kwanza, hata kama tumegombana. Mama hajambo, Otakar hajambo, mimi sijambo kiasi.

Habari ya Pospíchal sikuijua. Uliandika kitanda wamekitandika, nami nikasoma kama habari ya mashuka. Nimeitafuta barua ile nikaisoma tena na nimeona aibu.

Jumapili iliyopita nilinunua neoni. Sikuwanunua kwa sababu umekubali. Hujakubali. Nilipita tena pale ukumbini, na safari hii Hanzlík akanishika mkono, akasema, "Mama, unangoja nini? Maji yasiyo na kiumbe hurudi nyuma. Ukizidi kungoja utaanza upya tangu mwanzo." Nikasimama pale nikajiona mpumbavu. Nilikuwa nimeyageuza maji yako rungu la kukupigia. Sharti langu nimelifuta. Samaki ni wako, ukikatwa ni wako, usipokatwa ni wako.

Niliwabeba kwenye tramu ndani ya koti, mfuko umegusana na tumbo wasipate baridi. Nikauacha mfuko uelee juu ya maji mpaka joto lilingane, nikaufungua. Hawakutoka. Nikauinamisha, akatoka mmoja, akasimama, kisha wote kwa pamoja wakakimbilia nyuma ya mzizi na sikuwaona tena siku ile. Kiti chako kinalalia upande, hilo nalo nimelijua sasa, maana nilikikalia mpaka mgongo ukawa kama wa Otakar.

Leo asubuhi wawili wamekufa. Nakwambia leo hiihii. Hakuna umeme uliokatika na hakuna aliyesahau kitu. Hanzlík anasema wengine hawastahimili safari, lakini uso wake ulionyesha kwamba hata yeye hajui. Waliobaki wanakula. Kesho nikikuta mwingine nitakuandikia kesho.

Na wewe kama hutaki kukatwa, usikatwe. Lakini niambie waziwazi, ili niache kukuandikia habari za changarawe, niwe napanda treni kila Jumamosi nikuone wakati ungalipo. Ndicho ninachotaka kujua. Sitakulilia kwenye korido.

Dada yako,
Milada


Hospitali ya upasuaji, 5 Agosti

Mdogo wangu Milada,

Naandika kidogokidogo, usishangae mistari ikipanda mlima. Upande wa kulia bado umefungwa na mkono haunitii.

Umekuja mara mbili, wanasema, na mara zote mbili nilikuwa na homa, nikakuita mama. Nisamehe. Nakumbuka tu kwamba kuna mtu alikuwa akipangusa dirisha kwa leso, nikajua ni wewe, hakuna mwingine anayefanya usafi hospitalini kwa watu.

Wamekata walichokitaka, na ubavu mmoja juu yake. Niseme kama unavyosema wewe sasa, siku hiyohiyo. Daktari haahidi. Homa imeshuka wiki hii, makohozi ni safi mara ya kwanza, lakini anataka kungoja mpaka vuli ndipo atamke neno. Kuchomelea kumekwisha, hilo ametamka. Ghorofa ya nne bila lifti pia. Hapa napanda ngazi sita, nakaa ya saba kama bibi kizee wa sokoni. Itabidi nitafute wa kubadilishana nyumba, ya chini, na tangi litateremshwa. Sijui nani atalibeba. Mama mwambie. Mwambie wewe, kwa upole, halafu umwache anitukane, padri atamwandikia barua.

Wakati ule uliponiambia kwamba wawili wamekufa, nilikesha kwa furaha, Mungu anisamehe. Si kwa ajili yao. Ni kwamba nilikuwa na barua mkononi ambayo ningeweza kuiamini yote, tangu salamu mpaka jina. Asubuhi daktari alipoingia sikufumba macho. Nilitia sahihi siku hiyo. Nilikuwa na hofu ileile, haikupungua hata kidogo, usije ukawaambia watu kaka yako shujaa.

Kabla hawajanipeleka nilimwandikia Zdenka mistari michache. Nilimwambia neno lile la ujane nililisema kwa sababu alikuwa ameona nilivyoogopa, nami sikuweza kuvumilia kuonwa. Sikumwomba kitu.

Alikuja Jumapili. Tulikaa bustanini, yeye kwenye benchi, mimi kwenye kiti cha magurudumu na blanketi kama mtoto mchanga. Hakusema atarudi, na sura yake haikuonyesha kwamba atarudi. Ametafuta kazi huko Opava, anaishi vizuri na mama yake. Aliuliza neoni wanakula nini, na kama wanatambua mtu anapokaribia. Nikamwambia wanatambua mkono, si uso. Akasema angependa kuwaona, siku moja tu, aondoke na treni ya jioni.

Basi akija, mpishe aingie. Mpe chai safari hii. Na usimwulize atakaa mpaka saa ngapi.

Kaka yako,
Radovan